Kusokota Uzi Nyumbani Katika Upepo wa Dodoma

Mbukwenyi, ndugu wasomaji.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni ulipokaribia na baridi ya alfajiri ikaanza kuuma hapa Dodoma, niliingia katika duka moja la mjini kununua uzi wa kumfumia binti yangu sweta. Muuzaji alinihakikishia kwamba uzi ule ulikuwa sufu tupu, na bei aliyonitajia ilikuwa kweli bei ya sufu. Nilifuma kwa majuma matatu, kila jioni baada ya kazi, na sweta likatoka zuri kwa macho. Lakini binti alipolivaa alilalamika kwamba asubuhi halimpi joto la kutosha, na jua likipanda linamtoa jasho ambalo halikauki, linabaki mgongoni kama maji juu ya nailoni. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, alilishika, akalinusa, kisha akaniambia nimletee kiberiti na kipande cha uzi uliobaki.

Ningependa kila anayenunua uzi alijue jaribio lile, kwa hiyo nalieleza kabla ya jambo lingine lolote. Unashika kipande cha uzi kwa koleo juu ya sahani ya bati, unakiwasha, kisha unaangalia na kunusa. Sufu halisi haipendi moto: inajikunja, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na ukiondoa kiberiti inazimika yenyewe, ikiacha majivu meusi yanayopondeka ukiyabonyeza kwa kidole. Pamba inawaka upesi na kunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini ya rangi ya kijivu. Uzi wa akriliki, ambao hutengenezwa viwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, unayeyuka huku ukiwaka, na ukipoa unaacha kishanga kigumu cheusi kisichopondeka. Uzi wangu uliacha kishanga.

Sikurudi dukani kugombana, kwa sababu sikuwa na hakika kama muuzaji alinidanganya au naye alidanganywa na aliyemuuzia. Kilichonikaa moyoni ni kwamba mimi, niliyeanza kufuma nikiwa na miaka kumi na miwili, sikuwahi hata siku moja kushika sufu halisi mkononi, wala sikujua uzi unazaliwaje. Nilikuwa ninaujua kuanzia dukani tu.

Mtu anaweza kushangaa kwamba sufu ni adimu katika mkoa uliojaa kondoo. Ukienda Kongwa, Bahi au Chamwino utawakuta malishoni kila upande. Lakini kondoo wetu, wale wa kichwa cheusi na wale wekundu wenye mkia mnene, hawana sufu. Wana nywele fupi za singa zilizolala juu ya ngozi, na hilo ndilo linalowawezesha kulivumilia jua la hapa. Niliomba nywele za kondoo aliyechinjwa sikukuu nikajaribu kuzisokota, zikawa zinateleza na kuachana kama majani makavu. Sufu ni kitu kingine kabisa. Kila unywele wake una mawimbi madogo kuanzia kwenye shina hadi kwenye ncha, na juu yake una magamba madogo mno yanayoelekea upande mmoja, kama magamba ya samaki. Mawimbi yanashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Magamba yanashikana, na kushikana huko ndiko kunakofanya uzi ukubali kuwa uzi. Tena sufu inaweza kunyonya mvuke wa maji unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa, na hapo nikaelewa malalamiko ya binti yangu kuhusu jasho.

Kondoo wa sufu wanataka nchi ya baridi. Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha Njombe, aliniambia kwamba katika nyumba moja ya masista huko wanafuga kondoo wachache wa aina hiyo na kuwanyoa mara moja kwa mwaka. Alininunulia kilo mbili za sufu mbichi, akazifunga katika kiroba na kukipandisha kwenye basi linalopitia Iringa na Mtera. Kiroba kilipofika nilikifungua sebuleni, na nyumba nzima ikanuka zizi. Sufu yenyewe ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na vumbi, inanata mikononi kwa mafuta ya kondoo, imejaa vijiti na mbegu za nyasi. Nilikaa nayo sakafuni muda mrefu nikivuta shungi moja baada ya jingine na kulitazama dirishani. Kila shungi lilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati na zaidi kidogo, na nilipolivuta kwa mikono miwili karibu na sikio halikutoa mlio wa kukatika. Baadaye nilijifunza kwamba ndivyo sufu nzima inavyotambuliwa: ikilia kama kuni mbichi motoni, ujue kondoo aliugua au alikosa malisho katikati ya mwaka, na uzi wake utakatika mahali hapohapo.

Kuosha ndiko kulikonifundisha adabu ya sufu. Nilichemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikazamisha sufu na kuikoroga kwa mwiko kwa nguvu zangu zote, kisha nikaisuuza kwa maji baridi ya bomba. Nilichotoa ndani ya beseni kilikuwa kitu kizito kama kipande cha zulia, ambacho hakuna mkono ungeweza kukichambua. Magamba niliyoyataja ndiyo yaliyofanya hivyo: joto na sabuni huyafungua, msukosuko huyaingiza ndani ya mwenzake, na baridi ya ghafla huyafunga humo. Nilipoteza nusu kilo siku ile, na nusu kilo ya sufu iliyosafiri kutoka Njombe si kitu cha kuzoea kupoteza.

Sasa naosha hivi. Sufu inalala usiku kucha katika ndoo ya maji baridi bila sabuni, na maji hayo yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi. Siyamwagi, na hapa kwetu ambako maji huja kwa zamu hakuna mwenye akili atakayeyamwaga, kwa kuwa jasho la kondoo lina chumvi za potasiamu ambazo mimea inazipenda. Nayapeleka kwenye mipapai. Kisha naandaa maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia kwa sekunde chache tu, natia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndipo nazamisha sufu kwa kuisukuma chini polepole, bila kukoroga, na kuiacha kwa robo saa. Haitakiwi kupoa humo, maana mafuta yaliyoyeyuka yataganda tena juu yake. Naitoa, naitia katika maji mengine ya joto lilelile, mara mbili, halafu naitandaza kivulini juu ya wavu wa dirisha. Upepo wa Dodoma unaikausha kwa saa chache. Katika kilo moja mbichi, kinachobaki baada ya mafuta, jasho na uchafu kuondoka ni gramu 600 hivi au zaidi kidogo.

Kuchambua sitakusimulia sana. Wenye kazi yao wana vibao viwili vyenye meno ya waya. Mimi natumia brashi mbili za waya za kuchania mbwa, nilizonunua katika duka la pembejeo na dawa za mifugo. Unaweka sufu kidogo juu ya brashi moja, unaivuta kwa nyingine hadi nywele zote zielekee upande mmoja, kisha unaiviringisha itoke kama msokoto mnene wa pamba za hospitalini. Ni kazi ya jioni, redio ikiwa imefunguliwa.

Chombo chenyewe kinaitwa pia. Wengi wetu neno hilo tunalijua kwa mchezo wa watoto wanaozungusha pia mchangani, lakini waliosoma Biblia watakumbuka kwamba mwanamke hodari wa Mithali sura ya 31 naye hushika pia mkononi anaposokota, na ni kitu kilekile: kijiti kinachozunguka juu ya uzito wake. Pia yangu ya kwanza niliitengeneza kwa sahani mbili za CD zilizochakaa. Kijiti ni cha mkole, kirefu kama sentimita 30, nilichokikwangua kwa kipande cha chupa hadi kikawa laini. Tundu la CD ni pana kuliko kijiti, kwa hiyo nililijaza kwa duara nililolikata kutoka kwenye kandambili kuukuu. Na juu kabisa nilitia ndoano ya waya wa spoku ya baiskeli. Uzito wote ulikuwa gramu 45 hivi kwenye mizani ya jikoni. Baadaye fundi seremala wa mtaani kwetu alinichongea nyingine kwa mbao ya mninga, nzuri sana, lakini ile ya CD bado naipenda kwa jinsi inavyozunguka muda mrefu, maana uzito wake umekaa mbali na kijiti, ukingoni.

Sasa nifike kwenye kusokota kwenyewe, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu jambo ambalo mikono hulifanya kwa nusu sekunde linahitaji maneno mengi.

Unaanza na kipande cha uzi uliokwisha tengenezwa, umekifunga kwenye kijiti na kukipitisha kwenye ndoano. Mwisho wa uzi huo unaulaza juu ya nywele chache za sufu, unabana kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unaizungusha pia kufuata upande wa mishale ya saa. Msokoto unapanda juu kutoka kwenye pia hadi kwenye vidole vyako, na hapo unasimama kwa sababu vidole vimeufungia mlango. Juu ya vidole kuna sufu ambayo bado haijui lolote, imelala kama wingu. Mkono wa kulia unaacha pia na kuja kubana mahali ulipobana mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto unarudi nyuma kidogo na kuvuta, na nywele zinateleza polepole, kila moja ikipita pembeni ya mwenzake, hadi pale palipokuwa na wingu pawe na ukanda mwembamba unaopitisha mwanga. Ndipo mkono wa kulia unafungua. Msokoto uliokuwa unangoja chini unaruka juu ndani ya ukanda ule, unaufunga, na mbele ya macho yako kitu ambacho pumzi ingeweza kukitawanya kinageuka kuwa uzi unaobeba uzito wa pia.

Kila kosa linatokea katika pumzi ile moja kati ya kuvuta na kufungua. Ukifungua kabla hujavuta vya kutosha, msokoto unawahi kuingia mahali penye nywele nyingi na uzi unatoka na tumbo kama nyoka aliyemeza panya. Ukivuta kupita kiasi, nywele zinaachana kabla msokoto haujazifikia, na pia inaanguka sakafuni. Tena msokoto wenyewe una tabia ya kupenda mahali pembamba: unajikusanya pale palipo dhaifu na kupaimarisha, na kupapita mahali panene, ndiyo maana uzi usiolingana unakuwa mgumu sehemu moja na legelege sehemu nyingine. Kwa mwezi wa kwanza sikuiacha pia ining'inie kabisa. Niliizungusha, nikaibana kati ya magoti isirudi nyuma, nikavuta sufu kwa utulivu bila kuhofia kitu kuanguka, kisha nikaizungusha tena. Anayeanza namshauri afanye hivyo bila haraka, kwa sababu mikono ikilazimishwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja haijifunzi hata moja.

Uzi mmoja ukishajaa kwenye pia haujawa tayari kwa kufuma. Una hasira ya msokoto ndani yake, na ukiufuma hivyo kitambaa kitapinda upande. Unachukua nyuzi mbili za namna hiyo, unazifunga pamoja kwenye pia, na safari hii unaizungusha kinyume cha mishale ya saa. Kila uzi unajaribu kujifungua, na katika kujifungua unamkumbatia mwenzake, hadi nguvu mbili zinalingana na uzi unatulia. Nauzungushia kwenye mgongo wa kiti, ambao kwa vipimo vyangu mzunguko mmoja ni mita moja na nusu, nahesabu mizunguko ili nijue urefu, naufunga mahali panne usivurugike, nauloweka katika maji ya vuguvugu na kuutundika ukauke. Gramu 100 za uzi wangu wa kawaida zinatoa mita 180 au 200, na zinanichukua saa saba za kusokota, bila kuhesabu kuosha na kuchambua. Kuhusu rangi nimejaribu maganda makavu ya vitunguu vya Singida pamoja na shabu kidogo, ile chumvi inayosaidia rangi kushika, nikapata rangi ya dhahabu iliyokolea ambayo mpaka sasa haijafifia. Nimeishia hapo kwa kuwa nilikuwa na hamu zaidi ya kujua nyuzinyuzi nyingine.

Nilichukua pamba nikidhani itakuwa rahisi, kwa sababu ni yetu. Mjomba wangu analima Igunga, na msimu wa kununua ulipofunguliwa alinitengea kilo tatu za pamba mbegu. Kuitoa mbegu kwa vidole kulinitia malengelenge, hadi mke wa mjomba aliponionyesha kwa kutumia jiwe bapa na nondo laini: unaweka pamba juu ya jiwe, unaviringisha nondo juu yake ukisukuma mbele, na mbegu zinaruka upande mmoja huku pamba ikibaki nyuma. Zaidi ya nusu ya uzito ni mbegu. Kilo zangu tatu zilibaki kilo moja na ushee.

Pamba haikukubali pia ya gramu 45 hata kidogo. Nywele zake zina urefu wa sentimita tatu hivi, na kadiri unywele ulivyo mfupi ndivyo unavyodai msokoto mwingi ili usimponyoke mwenzake. Pia nzito inauvuta na kuukata kabla msokoto haujajaa. Ilinibidi nitengeneze pia ndogo ya gramu 12, ambayo haining'inii bali inasimama ndani ya kipande cha kibuyu na kuzunguka humo, huku mkono mmoja ukiizungusha na mwingine ukivuta pamba kwa kurudi nyuma, taratibu, hadi mkono unyooke wote. Kinachoshangaza ni kwamba pamba nayo ina msokoto wake wa kuzaliwa. Kila unywele wake ni chembe hai moja tu iliyoota juu ya ganda la mbegu, na tumba linapopasuka na kukauka, chembe hiyo inabonyea na kujikunja kama utepe uliopindwa. Mikunjo hiyo midogo ndiyo inayoshikana badala ya magamba ya sufu.

Lakini adui mkubwa wa pamba hapa kwetu ni ukavu wa hewa. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Julai upepo unakuwa mkavu kiasi cha kupasua midomo. Mwezi wa Agosti uzi wangu wa pamba ulikuwa ukikatika kila nusu mita, nikadhani mikono yangu imesahau. Kumbe pamba hupata nguvu zaidi ikiwa na unyevu, tofauti na sufu ambayo ikilowa hudhoofika. Wenye viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walinufaika na hewa yao ya unyevunyevu. Sisi wa nyanda kavu inatubidi tuutafute. Natandaza taulo mbichi magotini, nakaa ndani madirisha yakiwa yamefungwa, na nasokota saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijaamka vizuri. Uzi ukikamilika nauchemsha kwa saa moja na sabuni na magadi kidogo, maji yanatoka ya kahawia japo pamba ilikuwa nyeupe, na msokoto unakaa mahali pake.

Nilipokuwa nikihangaika na pamba ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini kazi hii inaonekana ngeni kwetu, wakati haikuwa ngeni. Kilwa Kisiwani wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyokatwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo ni vile visahani vya kutia uzito kwenye pia, na ni vya karne kadhaa kabla Wareno hawajaushambulia mji huo mwaka 1505. Bara nako, Unyamwezi na Ufipa, watu walisokota pamba na kuifuma kwenye vitanda vya mfumi, yaani fremu za mbao za kufumia nguo. Wageni waliopita katika karne ya 19, akiwamo Richard Burton, waliona na kuandika. Kisha ikaja merikani, ile nguo nyeupe iliyofumwa kwa mashine huko Marekani na kushushwa Unguja, ikapanda bara na misafara. Ugogo wetu ulikuwa katikati ya njia hiyo, na kila msafara ulilipa hongo kwa watemi ili upite na uchote maji, na hongo hiyo ilihesabiwa kwa nguo. Nguo ya bei nafuu iliyokwisha kufumwa ilipokuwa inapita mlangoni kila msimu, ni wazi kwamba pia ilianza kulala darini. Sisemi hivi kwa kuilaumu merikani, ila inaniuma kwamba leo tunavuna pamba nyingi, sehemu kubwa tunaisafirisha bila kuigeuza kuwa uzi, na mtoto wa Igunga anaweza kumaliza shule bila kuona pamba ikisokotwa hata mara moja.

Baada ya sikukuu ya Pasaka mwaka huu nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Mvumi, nikiwa nimebeba pia yangu na mafundo mawili ya uzi wa sufu, kwa sababu nilitaka bibi aone. Bibi ana miaka inayokaribia tisini na macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo vitu anaviona kwa vidole. Nilimkuta amekaa juu ya ngozi kivulini, amenyoosha miguu, pembeni yake kuna lundo la nyuzinyuzi za mbuyu zilizolowekwa. Nimemwona akifanya kazi ile tangu utotoni. Magome huchunwa kwenye shina la mbuyu, ambao hauna tabu maana unaota magome mengine, yakapondwa na kuchanwa, na ile sehemu ya ndani ikatoa nyuzinyuzi ndefu za rangi ya hudhurungi. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, nilitazama mikono yake nikijua ninachokitazama.

Alichukua mafungu mawili membamba, akayalaza sambamba juu ya paja lake, akapaka majivu kidogo kwenye kiganja. Kiganja kilishuka kutoka pajani hadi gotini, na mafungu yote mawili yakajisokota, kila moja peke yake, upande mmoja. Hapohapo, bila kuinua mkono, akayaleta pamoja na kukirudisha kiganja juu. Yakakumbatiana kinyume na kuwa kamba. Mara mbili tu za mkono, chini na juu. Kila kitu nilichohangaika nacho kwa mwaka mzima, msokoto wa kwanza, msokoto wa pili wa kinyume na mizani ya nguvu mbili, kilikuwa kimekaa katika paja la bibi yangu tangu kabla mama yangu hajazaliwa, nami nilikuwa nikipita pembeni yake na ndoo ya maji.

Nilimpa fundo la uzi wangu. Alilibonyeza, akalinusa, akauliza ni mnyama gani, akashangaa kusikia kwamba ni kondoo. Kisha akatafuta mwisho wa uzi, akaushika kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, na kuupindua kinyume hadi nyuzi mbili zikaachana. Akaupima mmojawapo kwa kuuvuta kidogo.

"Uzi wako umelala, mjukuu wangu," akasema. "Uuamshe kwanza kila mmoja peke yake, ndipo uwakutanishe. Wewe umewakutanisha wakiwa usingizini."

Nilimwambia kwamba niliogopa kukaza mno usije ukawa mgumu. Hakujibu. Alifuta majivu kiganjani kwa kanga yake, akakilowesha kiganja kwa maji ya ndoo, akalaza nyuzi zangu mbili juu ya paja na kuzishusha mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi kila mmoja ukaanza kujikunja wenyewe kama mche wa kunde unaotafuta fito. Akazileta pamoja na kurudisha mkono juu. Akafanya hivyo kwa urefu wa dhiraa mbili hivi, akakata kwa meno, akanipa. Kipande kile kilikuwa cha mviringo kabisa, kimekaza lakini bado laini, na nilipokining'iniza hakikugeuka upande wowote.

Sweta jipya la binti yangu linahitaji gramu 500, na mpaka jana usiku nilikuwa nimefikisha 320, zote nilizozisokota upya baada ya safari ile. Kipande cha bibi nakiweka katika kopo la biskuti pamoja na pia ya CD. Kila ninapomaliza kuunganisha nyuzi mbili, kabla sijaziondoa kwenye kijiti, nakitoa, nakilaza pembeni ya uzi wangu juu ya kitambaa cheusi, na kuhesabu mizunguko ya msokoto katika kila sentimita moja. Kipande cha bibi kina mizunguko minne. Wangu wa jana ulikuwa na mitatu, na mahali pengine minne.